Kibuyu Nilichokiosha

Nilifika Nakuru na sanduku la bati, kanga jozi mbili, na mdomo wangu. Huo mdomo ndio ulionifikisha huko. Mama yangu alikuwa ameniambia, mbele ya shangazi zangu wawili, kwamba mwanamke aliyeachwa hurudi kwao akatulia. Nikamjibu kwamba mimi naondoka Tanga, na sitarudi mpaka niwe na kitu changu mwenyewe, na nisipokuwa na kitu basi hawatanitia machoni. Niliyasema hayo mlango ukiwa wazi, majirani wote masikio wima. Ukishasema maneno ya namna hiyo umejifungia njia ya nyumbani kwa mkono wako. Huo ulikuwa ujinga wangu wa kwanza. Ninaotaka kuusimulia hapa ni wa pili.

Kaka yangu alikuwa msaidizi wa mafundi katika karakana ya reli pale Nakuru, na ndiye niliyemfuata. Treni ilinipitisha Voi, ikanipitisha Nairobi, ikanipandisha milima ambayo sikujua kama treni hupanda, na ilipoanza kuteremka bondeni nilikuwa nimejifunika kanga zote nilizokuwa nazo na meno bado yanagongana. Hakuna aliyeniambia habari ya baridi. Sisi tukisikia Kenya tulidhani ni kama kwetu, ila kodi ni nyingine.

Baada ya miezi miwili kaka akahamishiwa Uganda. Akaniambia nifunge mizigo. Nikamwambia sitazungushwa nchi za watu kama gunia la posta, nimekuja Nakuru na nitabaki Nakuru. Akalipa kodi ya chumba chetu kule lokesheni, mtaa wa Waafrika, mpaka mwisho wa mwezi, akaondoka. Kichwa kigumu kama kile sijui nilikirithi wapi. Nilisimama stesheni mpaka treni ikapotea, na ndipo nikatambua kwamba katika mji mzima hapakuwa na mtu mmoja anayejua jina la mama yangu.

Nikaanza kutafuta kazi. Nilipanda mlimani kwenye nyumba za wazungu, mlango kwa mlango, nikiomba kazi ya yaya. Kila memsahibu aliuliza kitu kimoja: barua iko wapi? Barua ya memsahibu aliyekutuma kazi kabla yake. Nami sikuwahi kutumwa na mtu, isipokuwa mama yangu na mume wangu, na hao wasingeniandikia barua nzuri. Tena ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni, karatasi ya mtu iligeuzwa mbele na nyuma, na yangu ilisema Tanganyika. Mmoja alimwita mumewe atoke nje aje kunitazama. Wakanitazama. Kisha wakafunga mlango, kwa adabu, siwasingizii.

Mwishowe nikapata mahali, na namna nilivyopapata sijisifii. Kulikuwa na duka la Mhindi linalotazamana na maghala ya mahindi, karibu na stesheni, na kwenye baraza lake palikuwa na mafiga matatu meusi kwa masizi na benchi moja refu. Mwenye duka aliniambia kulikuwa na mama akipika chai pale, sasa hayupo. Nikauliza amekwenda wapi. Akatazama barabarani, akasema amepelekwa kwao. Malori yale yaliyowabeba Wakikuyu kuwarudisha kwao tulikuwa tumeyaona sote, na wengi waliobebwa walizaliwa papo hapo bondeni, kwao kwingine hawakukujua. Sikuuliza zaidi. Nilihitaji kazi. Tukakubaliana kwamba sukari na majani nitanunua kwake tu, na wanywaji wangu watanunua sigara kwake, na siku baraza likikosa watu atampa mwingine. Kesho yake nikawasha moto juu ya mafiga ya yule mama.

Siku ya kwanza nikapika chai kama inavyopikwa kwetu: ya rangi, tangawizi, iliki, mdalasini, harufu inafika barabarani. Nikashika kiuno nikingoja sifa. Mpagazi wa kwanza kutoka maghalani akachungulia kikombe, akaniuliza kama hii ni dawa ya mafua. Wa pili akanywa nusu, akaniambia kwa upole kwamba yule mwingine alikuwa anapika chai nzito, chai unaona kabisa ni chai. Yule mwingine! Nililisikia neno hilo mpaka nikalichoka. Nilitaka kuwaambia wamfuate huko alikopelekwa, lakini hata mimi mdomo wangu una mahali unapokoma.

Ilikuwa lazima nipate maziwa. Maziwa ya chupa yalikwenda kwenye nyumba za wazungu na Wahindi, ya kopo yalikula faida yote. Watu wakawa wanapungua kwenye benchi, na mwenye duka akawa anatoka kila saa kulihesabu kwa macho. Kisha asubuhi moja akatokea mama mmoja mwenye maziwa.

Alikuwa Mtugen, wa umri wangu, na watoto watano. Mumewe alikamua ng'ombe wa mzungu katika shamba lililo chini ya mlima Menengai, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, naye mzungu alimruhusu kufuga ng'ombe wake watatu. Kuuza maziwa mjini bila kibali cha manispaa kulikatazwa, kwa hiyo alipita nyuma ya maghala, kibuyu chini ya shuka. Alisimama mbele yangu akauliza, "Wewe ndiyo mama chai?" Nikasema ndiyo. Akafungua kibuyu, akanimiminia kwenye sufuria bila kungoja niseme nataka kiasi gani. Tangu siku hiyo nikawa mama chai.

Kibuyu chake nakiona mpaka leo. Kirefu, chembamba shingoni, kifuniko cha ngozi, na mkanda wa ngozi ulioshonewa shanga na simbi za baharini. Ndani kilikuwa cheusi tii. Wao huchoma kijiti cha mti fulani, wakayasugua makaa yake ndani ya kibuyu, na maziwa yanatoka na harufu ya moshi na vichembe vyeusi. Mara ya kwanza niliyachuja mara tatu, nikisema moyoni, masikini, hana hata sabuni. Lakini wapagazi walikunywa mpaka tone la mwisho. Mmoja wao, bwana mmoja wa makamo, mwenye maneno ya kejeli na wa kabila moja na yule mama, alifumba macho akasema hii sasa ni chai ya mtu. Benchi likajaa. Tukaanza kuazima makreti kwa mwenye duka ili watu wapate pa kukaa.

Yule mama alikuwa akishamimina anakunywa kikombe kimoja amesimama. Baada ya wiki mbili akawa anakinywa ameketi. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha kukata kona, na changu yeye alisema ni cha redio. Tulielewana vizuri tu. Nilimwuliza zile simbi alizipata wapi, akasema ni za mama yake, kibuyu alikabidhiwa na mama yake siku anaolewa, naye mama alizinunua simbi kwa mchuuzi zamani. Nikamwambia kwetu zinatupwa na maji ufukweni, watoto wanachezea. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Aliniona mwongo. Kesho yake akaniuliza tena, na keshokutwa, kama anayetaka kunikamata kwenye uongo, mpaka siku moja akaamini, akapitisha kidole juu ya simbi moja baada ya nyingine.

Nieleze wazi: sikuwa na mtu mwingine. Waislamu walikuwepo mtaa wa Bondeni, na msikiti, na wanawake waliovaa kama mimi. Nilikwenda kwao mara mbili. Mara ya kwanza wakaniuliza mume wangu yuko wapi. Mara ya pili wakaniuliza tena, kana kwamba jibu lingekuwa limebadilika, nami nikawapa jibu ambalo si la kuandika. Mara ya tatu sikwenda. Jioni nilirudi chumbani nikajisemea mwenyewe kwa sauti, nikajiuliza umeshindaje, nikajijibu salama. Upweke una aibu yake, unajificha hata usipokuwa na wa kujificha. Yule mama ndiye peke yake ambaye siku nikiwa na homa angegundua kwamba sipo.

Ukaja mwezi wa Ramadhani. Nilifunga huku nikiwapikia wengine chai mchana kutwa, na vumbi jeupe la magadi likipulizwa kutoka ziwani likiingia puani na mdomoni mpaka nikawa naogopa kwamba nafungua bila kujua. Yule mama alinionea huruma. Aliuliza ni kosa gani nilifanya hata ninyimwe chakula. Nikamweleza. Akasema hata huyo Mungu wangu angekubali kikombe kimoja, chai ikiwa na maziwa yake.

Siku ya mwisho ya mfungo, akiwa ndiyo kwanza ameanza kumimina, askari wawili wa manispaa wakajitokeza kwenye kona ya ghala. Hakufikiri hata kidogo. Alinitia kibuyu mikononi, akajifunika shuka, akaondoka akitembea kama mtu aliyekuja kununua chumvi. Mimi nikakisukuma nyuma ya gunia la makaa, nikaketi mbele yake, nikawakaribisha askari chai. Walikunywa. Chai ya maziwa yale yale waliyokuwa wakiyatafuta, na wakasifu. Yule mama hakurudi siku hiyo, na jioni nikakipeleka kibuyu chumbani kwangu, nimekikumbatia kama mtoto wa watu.

Asubuhi yake ilikuwa Idi.

Sijui kama msomaji amewahi kupambazukiwa na Idi peke yake. Kwetu Idi inaanza kwa kelele: watoto, bakora za wazee wakienda msikitini, sahani zinazopishana mlangoni, yule anatuma pilau, huyu anatuma kaimati, na hakuna sahani inayorudi tupu. Mama yangu alitulea hivyo. Jirani akikuletea kitu kwenye bakuli, bakuli lake linakaa kwako mpaka uwe na kitu cha kuliwekea, na bora ukae nalo wiki nzima kuliko kulirudisha jeupe. Mtu arudishaye chombo kitupu tulimsema. Basi niliamka, nikaoga, nikavaa gauni langu zuri, nikakaa kitandani. Pembeni kwangu palikuwa na chombo kimoja tu cha mtu, na mwenyewe ndiye mtu pekee niliyekuwa naye.

Nikaenda sokoni nikanunua nyama ya mbuzi. Nikapika pilau ndogo na supu ya mifupa, supu ya Idi, yenye pilipili manga na ndimu. Supu ikichemka nikaanza kazi ya kibuyu. Nilikiosha kwa maji ya moto. Nikakitia majivu na sabuni, nikakitia mchanga na kokoto, nikakitikisa, nikamwaga maji meusi, nikatia mengine, nikatikisa. Mikono ilikufa ganzi. Ilichukua asubuhi nzima mpaka maji yakatoka meupe na ndani ya kibuyu ukawa unaona rangi yake ya asili, ya manjano, kama siku kilipokatwa. Nilifurahi wallahi. Nilisema, leo ataona jinsi watu wa Tanga wanavyotunza amana. Supu ikapoa, nikaijaza mpaka shingoni, nikafunika, nikafuta simbi moja moja kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi. Nikachukua kibuyu na bakuli la pilau, nikaenda barazani kumngoja, siku ambayo sikuwa nafanya kazi.

Alikuja saa nane mchana. Alinishukuru kwa habari ya askari, akacheka habari ya chai waliyokunywa, akanyoosha mkono. Nikampa kibuyu kwa mikono miwili. Uzito ulimshangaza. Akafungua, akanusa.

"Hii ni nini?"

Nikamwambia ni supu ya mbuzi, leo sikukuu yetu, ni zawadi yake na watoto.

Akachungulia ndani. Akauliza, "Nani ameosha?"

"Mimi," nikasema, bado ninatabasamu.

Akakifunika polepole. Akainama akakiweka chini, mbali kidogo na miguu yake, kisha akaokota majani akajifuta viganja, kidole kwa kidole. Hakupiga kelele. Alisema maneno mawili matatu kwa lugha yake, si kwangu, akajitanda shuka na kwenda zake. Bakuli la pilau hata hakuliona. Nami nilisimama pale na gauni langu zuri, na kibuyu cha watu kikiwa chini kwenye vumbi.

Kwanza nilikasirika. Nikajisemea huyu mwanamke hana adabu hata chembe, nimemhifadhia kitu chake, nimekisafisha uchafu wa miaka, nimempikia, naye ananifutia mikono kama mwenye ukoma! Niliila ile pilau yote peke yangu kwa hasira mpaka tumbo likauma. Siku iliyofuata hakuja. Nikasema hasira zitamwisha. Siku ya pili hakuja, na ya tatu, nami nikawa ninapika chai ya rangi tena na wapagazi wanachungulia vikombe.

Ni yule bwana wa makamo, mwenye kejeli, aliyeniuliza mama wa maziwa yuko wapi. Nikamsimulia, nikitaraji anitetee. Alianza kucheka nilipofika kwenye sabuni. Nilipofika kwenye supu akaacha. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Kwao maziwa na nyama havikutani, si kwenye chombo, si tumboni kwa siku moja. Ukivikutanisha, wanasema, ng'ombe ndiye anayeumia, kiwele kinavimba, maziwa yanakatika. Na ule weusi ndani ya kibuyu si uchafu, ni kazi. Binti huanza kuutengeneza akiwa kwa mama yake, kila siku makaa juu ya makaa, na ndio unaohifadhi maziwa na kuyapa utamu. "Umeosha mama yake," akasema, akalipa chai ambayo hakuimaliza.

Nilikaa nyuma ya gunia la makaa mahali nilipokificha kile kibuyu, nikalia kwa sauti, barazani, mchana, watu wakipita. Sikulia kwa sababu ya maziwa. Nililia kwa kuwa nilikuwa na mtu mmoja tu, na yule mmoja nimemfanyia hivyo kwa mikono yangu, tena kwa kutaka sifa.

Jumapili ile nikamwaga supu iliyokwisha kuvunda, nikakianika kibuyu, nikashika njia ya Menengai. Mfukoni nilikuwa na karatasi zangu zote, maana ukikutwa kwenye shamba la mzungu bila sababu ni balaa. Niliuliza njia mara kadhaa. Nilimkuta nje ya nyumba yake, anapukuchua mahindi, na mama mkwe wake ameketi upande wa pili, ambaye aliponiona na kile kibuyu mkononi aligeuka akanipa mgongo. Watoto watano walisimama wakinitazama. Niliwajua wote kwa hadithi zake, huyu mkorofi, huyu hapendi uji, lakini wao hawakunijua.

Alinipeleka pembeni, karibu na ua, na hakunikaribisha kuketi. Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani, na yalipotoka yalitoka vipande.

"Mama chai, mimi si kasirikia wewe," akasema. "Wewe hukujua. Lakini ng'ombe moja kiwele imefura. Mama mkwe amesema maziwa ya hapa haiwezi ingia kwako mpaka hiyo ng'ombe izae tena."

Nikauliza itazaa lini. Akasema mimba bado changa, mpaka mahindi yavunwe, na baada ya hapo kidogo. Hiyo ilikuwa miezi saba, minane. Sikuamini kwamba supu yangu ilimvimbisha ng'ombe aliye mwendo wa saa moja na nusu, na leo pia siamini. Lakini nilimtazama usoni nikaona anaogopa kweli, na anaumia kweli. Kubishana hapo nisingeweza hata mimi.

Nikamnyooshea kibuyu. Akatikisa kichwa.

"Hiyo si ya maziwa tena. Kaa nayo."

Aliigusa simbi moja kwa ncha ya kidole, akaondoa mkono. Nikarudi mjini na kibuyu kitupu. Njia nzima sikukutana na mtu wa kunijulia hali.

Siku chache baadaye mwenye duka aliniita ndani. Aliniambia bila ukali kwamba baraza halina watu, na kuna mama mwingine ameulizia, ana mandazi. Akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Nilirudi chumbani nikatoa sanduku la bati chini ya kitanda, nikalifungua, nikakunja gauni moja nikaliweka. Nikamwona mawazoni mama yangu mlangoni kwetu Tanga, na shangazi zangu wawili nyuma yake. Nikalitoa gauni lile nikalitundika tena. Kama ningekuwa na pa kurudi kwa heshima, wallahi ningerudi wiki ile ile.

Nikaacha kupika chai ya watu wa Tanga na chai ya watu wa Nakuru, nikapika uji. Uji wa wimbi wenye ndimu, mzito, moto, kuanzia alfajiri wakati wapagazi wanapofika na mikono imekauka kwa baridi. Haukuhitaji maziwa wala haukuwakumbusha yule mwingine. Benchi halikujaa, lakini halikukosa watu, na mwenye duka akamwambia mama wa mandazi angoje. Hivyo ndivyo nilivyoishi miezi ile. Nilipika uji, nikauza, nikaosha vikombe, nikarudi, nikajiuliza umeshindaje. Nilinunua pia sufuria mpya, ndogo, ambayo sikuipikia kitu chochote. Niliifunga kwenye kitambaa nikaiweka juu ya rafu, na mtu akiiomba ninamwambia ina mwenyewe.

Mahindi yalivunwa. Malori yakapishana maghalani, vumbi la makapi likachanganyika na la magadi, nikawa nauza uji kutwa nzima na koo limekauka. Kila asubuhi macho yangu yalikwenda kwenye ile kona ya ghala yenyewe bila kutumwa. Nilishaanza kujikemea. Ndipo siku moja nikainua kichwa kutoka kwenye sufuria, naye amesimama mbele yangu.

"Imezaa," akasema. "Ndama mwanamke."

Alikuwa amekonda kidogo. Mkononi alikuwa na kibuyu kingine, kifupi, kipya, mkanda una mstari mmoja wa shanga na hauna simbi. Nikaenda mbio nikashusha ile sufuria yangu, nikaifungua kitambaa mbele yake, nikamwambia haijaonja nyama tangu izaliwe. Aliichukua, akaingiza pua ndani, akanusa kwa makini, akanusa tena. Kisha akamimina. Maziwa yalikuwa na harufu ya moshi, na vichembe vyeusi, nami nilipika chai ile bila kuichuja. Akaketi akanywa. Tukazungumza habari za watoto, na za yule asiyependa uji, na nikamwambia hapendi kwa kuwa hajala wangu. Alicheka. Lakini kibuyu kilikuwa mapajani mwake muda wote, na mkanda ameuzungusha kiganjani.

Nilikaa Nakuru miaka mingi baada ya hapo. Nilipata chumba changu cha biashara chenye meza nne na mlango wa kufungwa, na mama yangu alipata habari zake kwa barua, akanijibu kwamba niendelee kuwa na adabu. Yule mama aliniletea maziwa mpaka mwisho. Kibuyu cha simbi nilikitundika ukutani, na wateja walipouliza nilisema ni pambo.

Askari wa manispaa walikuja tena, mwezi ule ule ng'ombe alipozaa. Ilikuwa asubuhi kama ile ya kwanza, amefungua kifuniko tu, wakatokea kwenye kona. Mimi nikanyoosha mikono miwili, kama mara ile, na gunia la makaa lipo pale pale. Akaitazama mikono yangu. Kisha akakiingiza kibuyu chini ya shuka, kikiwa wazi, akaondoka nacho anakimbia, na maziwa yakawa yanadondoka nyuma yake kwenye vumbi mpaka alipopinda nyuma ya ghala.